Redio Yangu ya Kibuyu

Leo nimeaibika, watu wangu. Hata kuku wangu walisimama wakaangalia.

Shida ni wivu. Sifichi, umri wa kuficha umenipita. Kikundi chetu cha akina mama wa kanisa kinajifunza kutengeneza redio, ile ndogo isiyotaka betri. Mwalimu wetu ni Mercy Chelang'at, binti ya Philip arap Rono. Na redio ya kwanza kuongea ikawa ya nani? Ya Bosibori! Bosibori jirani yangu, aliyetoka Kisii akanikuta hapa, majani chai yangu tayari yamefika kiunoni. Siku hizi kila Jumamosi akina mama wanaketi kwake, wanapokezana kale kadude ka kuweka sikioni. Zamani walikuwa wanaketi kwangu. Kwangu!

Nikasema, ngoja. Nitatengeneza ya kuwarudisha.

Mwalimu alituambia tuzungushe waya mwembamba kwa kitu cha mviringo kisichobonyea. Bosibori alitumia kopo la kakao (maskini). Mimi nikachukua kibuyu changu cha mursik, yale maziwa yetu ya kugandisha na makaa, kile cha shanga shingoni. Kilikuwa kimejaa maziwa ya siku nne. Nikaona ni vizuri zaidi, kikijaa hakiyumbi. (Mwalimu hakusema kiwe kitupu. Ningesikia.)

Leo mchana nikawaita wote. Kibuyu nikakiweka kwa meza nje, juani. Waya mmoja juu ya mti, mwingine ndani ya udongo, kama tulivyofundishwa. Wakakaa. Nikaweka kadude sikioni.

Kimya.

Nikageuza, sikio la pili. Kimya kama kanisa siku ya Jumatatu. Bosibori ananiangalia na yale macho yake ya huruma. Afadhali angenitukana!

Mara kutoka pale mezani: krrr... brrr... krrr.

"Imeshika!" nikapiga kelele.

"Imeshika wapi?" akauliza Rael Chepkemoi, mwenyekiti wetu.

"Kituo cha Londiani! Wanasoma salamu!"

"Wanasalimia nani, Kogo?" Ndivyo wanavyoniita wote, nyanya.

(Hapo ndipo ningenyamaza.) Lakini majina mimi ninayo, ya watu na ya wajukuu wao. Nikaanza kuyamwaga. "Esther Chebet wa Fort Ternan! Joseph arap Koros na bibi yake Sally! Zipporah Moraa wa Sotik!"

Bosibori akasimama. "Moraa gani? Shangazi yangu?"

"Huyo huyo!"

"Kogo, si tulimzika mwezi wa nne? Si wewe ulirudia wali mara mbili?"

Woi! Jina nilikumbuka. Kifo ndicho kilinitoroka.

"Hebu nisikie vile marehemu anasalimiwa," akasema. Kadude hakukataka. Akainama, akaweka sikio kwa kibuyu chenyewe. "Kogo, hii sauti inatoka ndani."

"Si ndiyo redio!"

"Redio inachemka?"

Kabla sijamjibu, akagusa kifuniko. Akagusa tu!

PAA!

Kifuniko kikapita juu ya kichwa cha Rael. Mursik ikakifuata. Ilikuwa imeivia juani, yote inatafuta njia, na njia ikawa uso wa Bosibori. Nyusi, pua, kitambaa kipya cha kichwa, kote maziwa na weusi wa makaa. Mwalimu Mercy akashika mdomo. Waya wangu wote ukateremka taratibu mpaka chini, kama soksi.

Bosibori akajipangusa shavu na kidole. Akakilamba. Akafikiria.

"Mursik iko sawa," akasema. "Redio ndiyo imechacha."

Wamecheka, wamecheka! Rael ilibidi ashikilie mti. Halafu wakakubaliana hapo hapo, mbele yangu: Jumamosi ni kwa Bosibori kama kawaida, na Kogo awe analeta maziwa. Mimi, mleta maziwa!

Lakini kinachoniuma zaidi ni kingine. Hata na ile mursik usoni, alikuwa anapendeza.

Tafadhali msicheke. Kicheko cha leo Bosibori amekimaliza chote.