Nani Anaiua Penzi la Baruti?

Jumatano, 5 Machi 2025. Majivu.

Nimepakwa majivu. Padri akatuuliza kila mtu anaacha nini Kwaresima hii. Wengine nyama, wengine pombe. Nyama nyumbani sina, pombe niliachaga zamani. Nikaamua: naacha kuwadhania watu vibaya. Hadi Pasaka! Ee Mungu nisaidie.

Sasa Boniphace. Huyu simdhanii, namjua. Ndiye mwenye banda la video pale Mwigobero, mjini Musoma, na Jumapili ndiko filamu yangu ilikoanzia. Penzi la Baruti! Nimeitunga na kuipiga mwenyewe, mimi fundi redio wa darasa la saba. Magaidi wanataka kulipua mitumbwi yote ya Musoma. Kijana wa usalama anampenda dada wa mkuu wa magaidi. Watu walitakiwa watetemeke, kisha walie.

Wakacheka. Bomu lilipolipuka wakacheka hadi akina mama wa dagaa wakaacha biashara kuja kuchungulia. Ni kweli kuku alipita mbele ya moshi akidonoa. Lakini kuku mmoja ndiyo awachekeshe hivyo? Boniphace akaniambia, mzee Magesa, vichekesho vyako vitamu, tuletee sehemu ya pili. Vichekesho! Nilimwona akiwakonyeza watu.

Bhoke mke wangu hakucheka. Ng'ombe ni wake. Kamera niliipata kwa kumtoa Nyota, mtamba aliyepewa na mama yake wa Butiama. Nilimwahidi filamu ikipendwa, Nyota anarudi zizini. Mama mkwe hajui. Bhoke anasema mama yake akijua kabla Nyota hajarudi, atamwita binti yake nyumbani, naye ataitika. Alisema hivyo kwa upole, anachagua mchele. Huo upole ndio unaonitisha.

Ijumaa, 7 Machi.

Baada ya Njia ya Msalaba nimeiangalia filamu upya, taratibu, kama mpelelezi. Nimegundua jambo. Keraryo! Kijana wa usalama mwenyewe. Kila akifika kwenye mapenzi anaangalia juu. Anamwambia Grace, yule dada wa gaidi, nakupenda huku anahesabu mabati. Mkono wake hakuushika hata mara moja. Mwishowe niliwapa mtandio, huyu ashike ncha hii, huyu ile. Wanaonekana kama watu wanaokunja shuka.

Nakumbuka wakati wa kupiga picha walinifuata wote wawili, wakasema mzee hili la mapenzi hatuliwezi, kuna mambo ya nyumbani. Nikawaambia wasiniletee visingizio, hata mimi siwezi kutega bomu na nimetega. Wakarudi mbele ya kamera. Sasa najiuliza: nani aliwatuma waniharibie? Simtaji. Ni Kwaresima.

Kesho Bunda. Safari hii nimejipanga. Naenda na watu wangu wa kupiga makofi: kwaya nzima!

Jumamosi, 8 Machi.

Bunda. Aibu ya aina mpya.

Kwaya walipiga makofi, siwezi kusema hawakupiga. Ila walimpigia gaidi! Mkuu wa magaidi ni Mwikwabe, mwimbaji wetu wa besi. Alipotokea tu na dumu la baruti, akina mama wakapiga vigelegele. Alipomteka Grace wakasimama. Kijana wa usalama alipomuua, waimbaji wa sauti ya pili wakalia kabisa, na watu wa Bunda wakaona hivyo ndivyo filamu inavyotazamwa, wakamzomea Keraryo hadi mwisho. Mwikwabe mwenyewe aliinuka gizani akainamisha kichwa kushukuru.

Mwenye ukumbi akanipa pole. Akasema, mzee, gaidi wako ana heshima sana, anapiga ishara ya msalaba kabla ya kuua. Nilimkatazaga! Mwikwabe akasema hawezi kumtoa mtu roho bila sala, hata kwa kuigiza.

Ni ujinga au ametumwa? Kwenye gari nilimtazama njia nzima. Alikuwa anakula mihogo ya kukaanga. Mtu mwenye dhamiri safi anakulaga hivyo?

Jumatatu, 10 Machi.

Mama mkwe ameshasikia! Ametuma neno kwa Bhoke kwamba anataka kuiona hiyo filamu ya mkwe wake, Jumatano, nyumbani Butiama. Habari za ng'ombe bado hana. Nani kampelekea habari za filamu? Butiama na Mwigobero wapi na wapi? Naendelea kutomtaja.

Nikawaza, nikafurahi. Butiama ni watu watulivu. Boniphace hana mtu kule. Wakiipenda wao, mama mkwe atajivuna, Nyota atapatikana, Bhoke atatulia.

Jumatano, 12 Machi.

Butiama. Balaa.

Tulikwenda na Dotto, kijana wa bodaboda, projekta mgongoni kwangu, spika mbele yake. Karibu na Butiama, ghafla akakata kona na kuingia katikati ya mihogo ya watu. Spika chini, mimi chini. Nikataka kumgombeza, nikaona anakodoa macho barabarani, jasho linamtoka, midomo inacheza. Kumbe mama mkwe wake alikuwa anapita, Yuliana wa Nyamuswa, anayeongozaga kwaya kule, amekuja msibani. Bado mama wa makamo, amependeza. Dotto hakutoka kwenye mihogo mpaka yule mama akapotea kabisa. Nikamsamehe. Nikamsifu hata. Vijana wenye adabu hiyo ya kumkwepa mama mkwe wamebaki wachache.

Jioni nikatundika shuka ukutani kwa shemeji Wanzagi, kaka yake Bhoke. Uwanja ukajaa. Ikaanza. Hakuna aliyecheka! Kuku akapita, kimya. Nikasema asante Yesu.

Ndipo mama mkwe akaja na kigoda chake, akakaa pembeni ya projekta kabisa. Ningefanyaje? Mkwe hasimami mbele ya mama wa mke wake akiwasha na kuzima vitu. Nikakimbilia nyuma ya ghala la mtama, nikakaa na mbuzi. Filamu yangu nikawa naisikiliza tu. Nikasikia gaidi, nikasikia bomu. Nikasikia Keraryo akisema nakupenda Grace. Halafu bibi mmoja akapiga ukunga. Vigoda vikakwaruza. Watu wakanong'ona, kisha miguu, miguu mingi.

Nilipochungulia, uwanja mtupu. Ukutani Keraryo na Grace wameshika mtandio wao, wanatazamana peke yao.

Wanzagi akasema, shemeji, kunja vitu vyako uondoke kabla wazee hawajarudi. Nikamuuliza kwa sauti ya chini ni nani aliyewalipa. Akaniangalia kama mtu anayeangalia mzigo ambao hajui auanzie wapi.

Alhamisi, 13 Machi.

Bhoke amenieleza. Alikaa chini kwanza.

Mume wangu, akasema, Keraryo na Grace ni ukoo mmoja. Wanaitana kaka na dada. Babu zao walizaliwa nyumba moja pale pale Butiama, ila Keraryo amekulia mjini. Yule bibi aliyepiga ukunga ni Nyamburi, bibi yao wote wawili. Umewakusanya watu wote wamtazame mjukuu wake akimchumbia dada yake, ukutani, kwa spika. Ametaka mbuzi wa kutakasa uwanja.

Nikasema kwa nini sikuambiwa? Bhoke akasema uliambiwa. Nikamwita Keraryo. Akasema, mzee, si tulikuambia kuna mambo ya nyumbani?

Na la ng'ombe limefika. Wanzagi alimweleza mama yake yote. Mama mkwe ametuma jibu: mtamba wake amegeuzwa kuwa aibu. Nyota asipokuwa zizini kufikia Pasaka, Bhoke aende kwao.

Bhoke ametoa sanduku chini ya kitanda. Anasema analianika tu lipate upepo.

Nililia kidogo. Nikasali rozari. Nikakubali moyoni kwamba hakuna aliyenihujumu, kosa ni langu, nisikilizage watu. Nikalala na amani.

Ijumaa, 14 Machi.

Nimeamka nimejiuliza: Keraryo alikulia mjini, sawa. Mjini wapi? Mwigobero! Nyumba ya tatu kutoka kwa Boniphace!

Jumamosi, 15 Machi.

Furaha! Filamu imepona!

Mapenzi nayapiga upya, mengine yanabaki. Na sasa niko makini, nimechunguza koo zote mbili hadi kwa mababu. Hakuna undugu wa damu hata tone. Nyamburi hatakuwa na neno.

Kijana wa usalama ni Dotto. Tangu Jumatano sura yake kwenye ile mihogo hainitoki. Jasho lile! Midomo ile! Ndiyo hasa Keraryo aliyoshindwa. Mtu hawezi kufundishwa kutetemeka vile, inatakiwa awepo anayemtetemesha. Basi nimemchukua huyo huyo. Yuliana! Nimemtumia ujumbe huko kwake Nyamuswa kwamba kuna filamu ya kikanisa. Amekubali, anafika kesho baada ya misa.

Nilimweleza Bhoke. Akaenda kulifunga lile sanduku. Nadhani limeshapata upepo wa kutosha.

Jioni nikamwita Dotto. Akaja na pikipiki yake, anacheka. Nikamwambia utakuwa nyota wa filamu. Akafurahi, akauliza mpenzi wake nani. Nikamtajia. Akauliza tena. Nikamtajia tena, na nikaongeza kwamba safari hii hakuna mtandio, watashikana mikono.

Amekimbia! Kwa miguu, upande wa Bunda, hajageuka hata nilipomwita kwa jina la ubatizo.

Boniphace amemfikia saa ngapi?

Pikipiki ameiacha mlangoni, funguo zimo. Itafaa sana kwenye mlipuko.