Jogoo wa Mama Mkwe Mnadani

Jamani, leo nimechekwa na usharika mzima, mchungaji akiwemo!

Asubuhi tumetoka Themi, mimi na mume wangu Elibariki, kwenda kusali na mama mkwe kwake mlimani Meru. Kwenye chai mama akaanza kusimulia ya zamani. Hela ya kahawa ilikaa kwenye kopo moja, na yeye na marehemu baba hawakununua hata chumvi bila kuulizana.

Nikajitia mjanja. "Mama, hayo yamepitwa na wakati. Siku hizi kila mtu hela yake iko kwenye simu yake. Anayetaka kitu ananunua tu."

"Na hamgongani?"

"Hata kidogo!" (Mdomo wangu huu!) Nilitaka sana aone kwamba mwanawe kaoa mwanamke anayejua kuendesha nyumba.

Ibada ikaisha, ukaja mnada wa sadaka zilizoletwa na waumini: ndizi, mayai, maparachichi. Nje mvua inamwagika, kwa hiyo tukanadi humo humo ndani. Elibariki alikuwa ametoka nje kupokea simu. Mara mzee wa kanisa akainua jogoo mwekundu. Jogoo wa mama mkwe!

Nikasema huyu haendi kwa mtu baki. Nikanyoosha mkono.

"Dirishani wameongeza!" mzee akatangaza. Kweli, mkono umeingia kutoka nje, mwenyewe simwoni. Nikaongeza. Naye akaongeza. Nikaongeza tena, hasira zimenipanda. Nani huyu anataka kuniaibisha mbele ya mama mkwe? Jogoo akafika bei ya mbuzi! Waliokaa karibu na dirisha wanapiga makofi, wanacheka. (Mimi nikadhani nashangiliwa.)

Mwishowe mkono ukashuka.

"Bwana wa dirishani, umeshindwa?"

Kikachungulia kichwa cha Elibariki, kimelowa chapachapa. "Nimeshindwa, mzee. Nilitaka kumkomboa jogoo wa mama. Ila huyo tajiri ni nani?"

Kanisa likalipuka! Mchungaji kashika tumbo. Nikatamani ardhi ipasuke initie ndani.

Mama mkwe akasimama, akanijia. Nikajua nimekwisha. Kumbe machozi yanayomtoka ni ya kicheko! Akanikumbatia mbele ya watu wote.

"Mwanangu, wote wawili mmenipigania jogoo! Sina wasiwasi na nyumba yenu. Ila muwe mnaambiana."

Tafadhali, asinicheke mtu kabla hajamuuliza mwenzake leo kanunua nini.