Kusimama Kama Korongo

Tup. Kimya. Tup. Kimya.

Jogoo wa jirani alikuwa bado hajawika Bibi Dorotea aliposikia kishindo hicho kidogo upande wa pili wa pazia. Hakuwasha kibatari. Alijua ni mjukuu wake Kabula, anaruka kwa mguu mmoja kwenye sakafu ya udongo, mkono umeshika ukuta. Mwaka uliopita mtoto huyo alilazwa kwa surua kali, akatoka hospitali miguu imesahau kazi yake. Shuleni wenzake wakamwita Gunia, kwa kuwa alibaki palepale alipowekwa. Mwalimu Evelina wa darasa la kwanza ndiye aliyevua viatu vyake akaruka naye sambamba mbele ya watoto wote, tena akayumba makusudi ili wamcheke yeye kwanza.

"Bibi, nimekuamsha?"

"Hapana, mama. Nilikuwa macho. Endelea."

Kulipopambazuka, Bibi Dorotea alibeba birika lake na jiko la mkaa mpaka kijiweni Kirumba, karibu na soko la samaki la Mwaloni. Yeye huuza kahawa na kashata. Maneno hauzi, hayo wateja huja nayo wenyewe, na huyamwaga bure.

"Shikamoo, Bibi!"

"Marahaba, wanangu."

Benchi lilikuwa limeshajaa. Katikati alikaa Machibya, ambaye tangu biashara zifunguliwe kila jambo, hata msiba, hulieleza kwa soko huria, na jina likamganda: Soko Huria. Ana baa mpya, ana kitambi kipya, na ni mwenyekiti wa kamati ya shule. Kulia kwake alikuwa Revocatus, karani wa pamba aliyepunguzwa kazi akabaki na miwani tu, wanamwita Profesa. Kushoto alikuwa Ngosha, anayeitwa Spidi kwa sababu hajawahi kuonekana akiharakisha kitu. Pembeni alisimama Yash wa duka la vipuri vya baiskeli, jina lake la kijiweni Spea.

Soko Huria alipuliza kahawa, akasafisha koo.

"Leo ndiyo leo. Saa tatu tuna mkutano wa wazazi. Kipindi cha michezo, darasa la kwanza na la pili, tunakifutilia mbali."

"Kimekukosea nini?" Spea akauliza.

"Nchi imebadilika, bwana! Wazungu wanashuka hapa kununua sangara, sisi watoto wetu tunawafundisha uchura! Juzi nimepita shuleni, nikaona kwa macho yangu haya darasa zima limechuchumaa, linarukaruka, kwaa, kwaa! Nikamwuliza yule mwalimu, haya nayo ni masomo? Ananijibu, 'Mwenyekiti, wanajifunza kutua.' Kutua! Kwani ni ndege?"

Benchi likacheka mpaka likalia.

"Mimi kuruka sikufundishwa na mtu," alisema Spidi, polepole kama kawaida yake. "Nilifundishwa na dume la baba yangu, kule Magu. Likikugeukia na zile pembe, huulizi ratiba."

"Na tangu siku hiyo hujakimbia tena," Profesa akamjibu.

"Niliimaliza yote siku ile."

Spea alitikisa kichwa. "Mimi nasema ninachokiona. Binti yangu zamani ukimrushia mpira anafumba macho, anakumbatia hewa. Sasa anadaka. Jana nati imedondoka mezani, kaidaka kabla haijafika chini."

"Basi umepata fundi wa bure. Sisi wengine tunataka wasomi," alisema Soko Huria. "Badala ya michezo tunaweka Kiingereza."

Profesa akashusha miwani puani. Wanaomjua walijua kuna mtu ataumia.

"Mwalimu wa Kiingereza yupo?"

"Anatafutwa."

"Wakati anatafutwa, kipindi hicho watoto watafanya nini?"

"Watajitegemea, kama zamani. Watabeba mchanga wa ziwani."

"Wa lile darasa jipya?"

"Hilohilo."

"Ajabu ya darasa hilo," Profesa alisema kwa upole wa daktari mwenye sindano, "mchanga unabebwa na watoto wa miaka saba tangu wakati wa chama kimoja, tumeingia vyama vingi, msingi uko palepale na mbuzi wamelala juu yake. Lakini baa yako, hongera sana, imepanda bila mtu kuonekana anabeba kitu."

Spea alipaliwa na kahawa. Spidi akampiga mgongoni, pigo moja, la pili likiwa bado njiani.

"Acha kamba, Profesa! Ule mchanga ulikuwa masalio!"

"Masalio yenye vyumba vya kulala wageni na choo cha ndani."

"Ndiyo soko huria! Mali isiyotumika inatafutiwa matumizi! Na huyo mwalimu wenu, anayejifanya kukataza watoto wasibebe, tunamwombea uhamisho leoleo. Aende huko visiwani akawafundishe samaki furu kuruka!"

Wakacheka tena. Bibi Dorotea hakucheka. Kikombe alichokuwa anamimina kilifurika, kahawa ikamwagika kwenye mkaa, moshi ukapanda. Akilini alimwona Kabula amerudi kuwa Gunia, ameketi nyuma ya darasa. Kisha akamwona njiani kutoka ziwani, kopo la mchanga kichwani, miguu ile aliyofundishwa kwa subira ikitetemeka. Alitaka kusema hayo yote, ila alijua kwenye benchi lile huzuni haina wanunuzi. Akafuta mikono kwa khanga.

"Machibya, mwanangu."

"Naam, Bibi."

"Hayo unayoyacheka, wewe unayaweza?"

"Yapi tena?"

Kidole cha Bibi kilionyesha mapaa ya mabati ya Mwaloni. Korongo walikuwa wamejipanga huko juu, wakisubiri matumbo ya samaki. Mmoja alisimama kwa mguu mmoja, amesinzia, kama mzee aliyelipwa pensheni yake kwa wakati.

"Kama yule. Mguu mmoja, macho umefumba. Mwalimu huwaambia wasimame hivyo mpaka wimbo uishe. Kabula wangu anafika mwisho wa wimbo."

"Bibi! Mimi, mtu mzima na ndevu zangu?"

"Kama huwezi basi, baba. Si lazima."

Ah! Ungemtukana angevumilia. Soko Huria alivua koti, akampa Spea, akasimama katikati ya njia. Akainua mguu. Akafumba macho. Korongo wa kule juu akafumbua yake. Pumzi moja tu, mikono ya mwenyekiti ikaanza kutafuta ukuta ambao haukuwepo, kitambi kikaenda kaskazini, makalio kusini, akaja kuketi kwenye mapaja ya Spidi.

"Karibu," alisema Spidi.

"Kuna mtu kanipuliza!"

"Nani akupulize? Tuache kahawa zetu tukupulize wewe?"

"Ni upepo wa ziwa! Narudia! Hii haihesabiki!"

"Subiri zamu," Spea akasema, huku anampa Profesa koti la watu. "Sasa ni mimi."

Spea alidumu kidogo, akaangukia pipa la taka. Profesa aliomba avue miwani kwanza, akaambiwa macho yenyewe yanafumbwa, miwani ya nini. Akaanguka akiwa bado anajitetea. Spidi alichukua muda mrefu kuinua mguu hata watu wakadhani ameshaanza. Lakini ulipoinuka, ulikaa. Akasimama pale kama nguzo ya umeme.

"Kachungulia! Jicho la kushoto!" Soko Huria alipiga kelele.

"Refa hakuona," alisema Profesa, ambaye alikuwa amejipa urefa bila kura.

"Refa umenunuliwa! Tunarudia wote, bila viatu!"

Kelele zikapanda, utadhani timu ya Pamba inacheza na Toto. Mara rimu ya lori inayotumika kama kengele ikagongwa shuleni: saa tatu. Bibi Dorotea aliisikia vizuri. Kina mama walianza kupita, wengine na magamba ya dagaa bado mikononi, na mbele yao alitembea Mumtaz, fundi cherehani na makamu mwenyekiti wa kamati. Ni yeye aliyekuwa akiwapelekea watoto vipande vya vitambaa washonee mipira, na hakuwahi kumwambia mtu.

Mumtaz alisimama. Akawatazama wanaume wazima wanne, peku, kila mmoja na mguu juu.

"Mwenyekiti, huji mkutanoni?"

"Kimya, mama!" Profesa akainua mkono. "Mwenyekiti yuko hewani!"

Mumtaz akamgeukia Bibi Dorotea. Neno lilimfika Bibi kwenye ulimi: wanangu, mkutano umeanza. Si mtu wa kuficha. Lakini alipima. Akienda yeye, mkono wake mmoja utainuka, na mdomo wa Machibya utaufunika. Akibaki hapa na birika lake, mdomo nao utabaki.

"Tangulieni, mwanangu," alimwambia Mumtaz. "Nikiondoka, hawa watakosa kahawa."

Mumtaz akamtazama kidogo, akafunika tabasamu kwa ushungi, akaenda.

"Machibya, kunywa kwanza upate nguvu," alisema Bibi. "Naona Ngosha amekupita."

"Amenipita wapi! Tena, tena!"

Wakarudia. Wakabishana kama korongo husimamia mguu wa kulia au wa kushoto. Jua likapanda, kashata zikaisha, na Soko Huria alikuwa ameketi chini anasugua kifundo cha mguu kina mama walipoanza kurudi, wanaongea wote kwa pamoja, nyuso zimenawiri.

"Mungu wangu, mkutano!" akaruka, akakaa tena. "Aii!"

"Umekwisha," alisema Mumtaz. "Tumekungoja, hukuja. Kipindi cha michezo kinabaki. Mwalimu anabaki. Na lile rundo la mchanga lililobaki uwanjani halibebwi kwenda popote. Watoto watarukia hapo, wakitua wasiumie."

"Bila mwenyekiti? Mkutano batili huo!"

"Soko huria, bwana," alisema Profesa, akimvisha koti lake. "Mteja asipotokea, mali inauzwa kwa waliofika."

Hata Spidi alicheka upesi.

Nyuma ya kina mama alikuja Mwalimu Evelina, viatu mkononi. Kila mtu alingoja amrushie mwenyekiti neno, na haki alikuwa nayo. Mwalimu akamsalimia Bibi kwanza, kisha akachuchumaa mbele ya Soko Huria.

"Shikamoo, mwenyekiti. Umeumia?"

"Marahaba. Aa, kidogo tu."

"Unakaza goti. Legeza. Usifumbe macho mapema, kwanza tazama kitu kisichotikisika. Nishike bega, usiogope."

Alimsemesha kama anavyowasemesha wale wadogo. Soko Huria akamshika bega, akainuka. Akayatoa macho kwenye njia, akayaweka kwenye birika la Bibi. Mguu ukapanda. Akaachia bega. Akasimama, akasimama, kina mama wakaanza kumpigia makofi ya wimbo, naye akafika mwisho wake.

Kisha watu wakatawanyika, Spea kufungua duka, Profesa kutafuta viatu vyake, Spidi kusinzia. Bibi Dorotea alikuwa anazima mkaa aliposikia mwenyekiti, ambaye sauti yake huvuka mpaka Buzuruga, akinong'ona.

"Mwalimu, tafadhali, kesho pita tena hapa. Ila uje mapema, kabla huyu Spidi hajaamka."