Baiti Saba Zilizokaa Bure

Jumatatu, 6 Mei
Siku kubwa! Meneja Fan kanikabidhi kompaila yetu, ile programu inayogeuza maandishi ya watu kuwa amri za chipu. Niihamishie kwenye chipu mpya kabla wateja hawajaja kuiona Ijumaa. Ikifanya kazi, naongoza kikundi. Mama mkwe nimeshampigia. Nimemwambia nimeshapanda cheo, nisimchoshe na maelezo.

Hsiu-chin wa meza ya jirani anasema chipu hii ina maringo: namba ya baiti nane, yaani inayojaza vyumba vinane vya kumbukumbu, lazima ianzie kwenye chumba chenye anwani inayogawanyika kwa nane, la sivyo inagoma. Ati niache nafasi tupu katikati. Nafasi tupu! Hapa Hsinchu, mji wa viwanda vya chipu Taiwan, kodi za nyumba zilivyo? Nimebana kila kitu bega kwa bega. Kumbukumbu kibao imeokolewa. Najivunia, kwa kweli.

Jumanne, 7 Mei
Chipu imegoma. Nikachunguza. Juu ya mashine kuna pakiti ya kijani ya vitafunio vya nazi, kama ilivyo kwa kila mashine hapa, ili isilete matata. Imepita tarehe! Mzembe gani huyo? Nikakimbia dukani. Za kijani zilikuwa zimekwisha, nikaleta ya njano. Ofisi nzima ikapiga kelele kwamba njano ni taa ya tahadhari. Hsiu-chin akauliza kama nimetumwa na washindani. Wivu tu.

Jumatano, 8 Mei
Dawa imepatikana! Chipu ikigoma, kijiprogramu changu kinaidaka, kinaisomea ile namba kipande kipande, kazi inaendelea. Jaribio ambalo huwa la kufumba na kufumbua lilikwisha nilipomaliza bakuli zima la tambi za nyama ya ng'ombe. Nikamweleza Meneja Fan kwamba chipu hii haikurupuki. Akaitazama saa yake, kisha bakuli langu. Nadhani alivutiwa.

Alhamisi, 9 Mei
Hsiu-chin kaja na chai ya maziwa, ananibembeleza. Kaka Liang, acha ubishi, kila aina ina kipimo chake: namba fupi kwa nne, ndefu kwa nane, herufi popote. Anakitaka cheo changu huyo. Chai nimekunywa, ushauri nimekataa. Kama nane ni nzuri, sitini na nne ni bora! Sasa kila kitu kinaanzia kwenye anwani inayogawanyika kwa sitini na nne, hata herufi moja. Inakimbia hiyo!

Ijumaa, 10 Mei
Programu ya wateja haikuingia. Kumbukumbu yote ilijaa nafasi tupu. Nilitamani ardhi inimeze. Hsiu-chin akaweka toleo lake, alilokuwa ameliandaa pembeni. Likafanya kazi, makofi yakapigwa, na Meneja Fan akamtangaza kiongozi palepale. Imeniuma sana. Mama mkwe kapiga simu, sikupokea. Lakini nani aliyempa Hsiu-chin hamasa? Mimi!

Jumamosi, 11 Mei
Kiongozi wetu mpya kaniomba jambo moja tu: Kaka Liang, tafadhali, nafasi usiziguse. Nimemwapia. Halafu nikachungulia kazi yake. Herufi moja, kisha namba ndefu, na katikati yake baiti saba tupu kabisa, zimekaa bure! Nimeziondoa kimyakimya. Jumatatu atanishukuru.