Jinsi Nilivyompigia Debe Alvin Tollefson

Jumatatu, 7 Mei 2018

Siku ilianza kama Jumatatu zote za darasa la saba. Nilifundisha desimali tangu asubuhi. Mtoto mmoja alilala. Mwingine aliniuliza kama nimewahi kuwa na ndoto maishani. Ninayo. Ni kazi ambayo haina darasa la saba ndani yake.

Na sasa njia imeonekana. Uchaguzi wa bunge la jimbo ni Novemba. Chama chetu cha walimu kitaidhinisha mgombea mmoja wa kiti cha huku kwetu. Mgombea akiidhinishwa anapata walimu wa kumwombea kura nyumba kwa nyumba, walimu wa kumpigia simu, na picha yake kwenye kadi zinazotumwa kwa posta. Si jambo dogo. Mimi nimo kwenye kamati ya kuwahoji wagombea. Niliingia Februari kwa sababu wanakamati wamesamehewa zamu ya mabasi, na ukisimamia mabasi Minnesota mwezi wa Februari, masikio yanaacha kuwa yako kwa baridi.

Wagombea ni wawili. Gretchen Haugen alikuwa mkutubi wa shule miaka mingi. Anataka jimbo lilipie wasaidizi wa darasani, wale wanaowatafsiria watoto wageni. Wilaya yetu inasema mwaka ujao wa masomo, unaoanza Septemba, hela hizo hazipo. Alvin Tollefson anauza bima ya nyumba na ana meno mazuri. Aliponipigia simu wiki iliyopita alisema akishinda atahitaji mtu wa mambo ya elimu ofisini kwake Saint Paul, makao makuu ya jimbo. Mtu anayewajua wageni. Mtu kama wewe, Julius.

Naitwa Jairus. Hilo litarekebishika.

Kikwazo ni mwenyekiti wa kamati, Thaddée, mwalimu wa Kifaransa, Mkongo wa Bukavu, anayevaa tai hata siku ya michezo. Anamtaka Haugen. Anaongea polepole na watu wanamsikiliza. Inachosha.

Nilimweleza mke wangu Susan mpango huu akiwa anavaa viatu aende zamu hospitalini. Akauliza kama Alvin ameiahidi hiyo kazi ama ameitaja tu. Nikamwambia ni kitu kimoja. Akasema, "Sawa, Baba Stacy," kwa ile sauti anayotumia kwa wagonjwa.

Alhamisi, 10 Mei

Nimekutana na Alvin huko Roseville, kwenye meza za kulia ndani ya yale maduka makubwa. Kelele nyingi. Watoto wanakimbia kila upande. Nilihisi niko kazini.

Nikamweleza mbinu. Kamati yetu ina Wakongo na Wakenya kadhaa. Haugen atakuja na takwimu. Yeye aje na sentensi moja ya Kiswahili, aiseme mkono kifuani, na mioyo italainika. Sentensi niliitunga mwenyewe: Nitawatetea walimu wote, kila siku. Fupi, na ina uzito.

Tatizo ni hizo "te" mbili zinazofuatana. Ulimi wa Alvin ulizikataa. Tulirudia mpaka mama wa meza ya jirani akaanza kuisema vizuri kuliko yeye. Alvin akasema atafanya mazoezi ndani ya gari.

Kabla hatujaachana nilimuuliza kuhusu wasaidizi wa darasani. Akasema ni suala zito na ataliangalia. Kisha akaangalia saa. Nimeridhika. Mtu anayeangalia mambo ni mtu makini.

Jumapili, 13 Mei

Nilimwendea Mchungaji Kasika kabla ya ibada, pale kanisani kwetu Brooklyn Center. Nikaomba Alvin aje Jumapili ijayo asalimie waumini dakika chache. Mchungaji akasema kanisa halina mgombea. Akanishika bega na kuongeza kwamba leo ni siku ya kina mama, na je, mimi nimemfanyia nini mama watoto?

Nilikuwa nimesahau kabisa.

Mlangoni kulikuwa na ndoo ya maua. Nikachomoa moja, nikampelekea Susan kwenye kiti chake kana kwamba nimelitoa mbali. Tayari alikuwa ameshika jingine lililofanana nalo. Kumbe wahudumu walikuwa wamempa kila mama la kwake. Akaliweka langu juu ya lile la kwanza. Tulirudi nyumbani tukisikiliza redio.

Jumanne, 15 Mei

Siku ya mahojiano. Nimechoka hata kuandika, lakini lazima niandike.

Haugen aliingia kwanza. Nilikuwa nimemwekea swali la kumbana: jimbo litoe wapi hela za wasaidizi? Akajibu moja kwa moja, hatua kwa hatua, mpaka mimi mwenyewe nikaelewa. Kisha akaniuliza kama darasani kwangu kuna msaidizi. Nikasema yupo, anaitwa Mukamana. Akauliza itakuwaje Septemba asipokuwepo. Nikasema tutaendelea na swali linalofuata.

Akaja Alvin. Suti ya bluu, meno yote nje. Akasimama, mkono kifuani, akaitazama kamati.

"Nitawatekenya walimu," akasema. "Nitawatekenya walimu wote, kila siku."

Wamarekani wakapiga makofi. Perpétue, mwalimu wa watoto wenye mahitaji maalumu, ambaye ni Mkongo, alijifunika uso kwa chupa ya maji. Mabega yake yalikuwa yanatikisika. Alvin alipoona hivyo alidhani amemgusa roho, akairudia, akimtazama yeye peke yake.

Mwalimu wa muziki akaomba atafsiriwe. Thaddée akamfafanulia, polepole kama kawaida yake, na kwa heshima, akionyesha kwa vidole viwili hewani, usawa wa mbavu.

Nikaingilia. Nikasema huko pwani neno hilo lina maana ya kuchangamsha watu.

"Pwani ya wapi, Papa Jairus?" Thaddée akauliza.

Nikasema tutaendelea na swali linalofuata.

Ajabu ni kwamba hatukushindwa. Wamarekani walimhurumia Alvin. Walisema angalau amejaribu. Kamati ikagawanyika sawasawa, na uamuzi umepelekwa kwa wanachama wote keshokutwa. Mgombea akipata asilimia sitini, ameidhinishwa. Asipofika mtu, chama kinakaa kimya na kila mwalimu apige kura yake Novemba anavyotaka.

Jumatano, 16 Mei

Nilipiga mahesabu usiku kucha. Walimu wengi wako na Haugen. Lakini wasaidizi wa darasani nao ni wanachama, ni wengi, na karibu wote ni Wakongo wenye msimamo mmoja. Wakienda kwa Alvin, mambo yanabadilika. Na wasaidizi wanamsikiliza Mukamana.

Huyu Mukamana ni mama wa watoto watatu, mtu wa Masisi huko Kongo, aliyefika huku baada ya kukaa kambini Uganda miaka mingi. Watoto wageni wanapokwama kwenye somo langu, hawanitazami mimi. Wanamtazama yeye. Mimi pia humtazama yeye.

Nilimkuta akipanga viti baada ya vipindi. Nikamwambia wasaidizi wamchague Alvin. Akashangaa. Akasema wao wamesikia Haugen ndiye anayewatetea. Nikasema Haugen ni wa maneno, Alvin ni wa vitendo, na ameahidi hakuna msaidizi hata mmoja atakayepoteza kazi.

Akaweka kiti chini.

"Mwalimu, huyo bwana alisema hivyo kwa kinywa chake mwenyewe?"

"Kwa kinywa chake."

"Wewe ulimusikia?"

"Nilikuwa nimekaa naye meza moja," nikasema. Na hilo ni kweli.

Alinitazama kidogo. Halafu akasema kama ni mimi ninayesema, basi. Akarudi kwenye viti. Nikamsaidia viwili, nikaondoka.

Alhamisi, 17 Mei

Mkutano ulikuwa kwenye ukumbi wa chakula. Harufu ya pizza ya mchana bado ilikuwepo. Thaddée alisoma majina ya wagombea na kuuliza nani ana neno.

Mukamana akasimama. Sijawahi kumsikia akiongea mbele ya watu wazima. Alianza kwa Kiingereza, kikamponyoka, akaendelea kwa Kiswahili huku Perpétue akitafsiri. Alisema kazi hii ndiyo ya kwanza kupata Marekani ambayo watoto wake wanaweza kuieleza kwa wenzao. Alisema hajui siasa. Alisema bwana Tollefson ameahidi kuwalinda wasaidizi, na yeye anaomba wenzake wamwamini.

Thaddée alishusha miwani. Akamuuliza, kwa upole, ahadi hiyo imetoka wapi.

"Mwalimu Jairus ndiye aliniambia. Alimusikia."

Watu wote wakageuka. Walimu, wasaidizi, na yule mlinzi wa mlangoni ambaye hata si mwanachama. Nilikuwa na nafasi ya kusema kitu. Nikatikisa kichwa juu chini.

Kura zikapigwa. Haugen alikuwa mbele, ila hakufika asilimia sitini. Alipungukiwa na kura chache tu, na meza ya wasaidizi ilikuwa na watu wa kutosha kuzijaza. Kwa hiyo chama hakimwidhinishi mtu.

Thaddée akatangaza matokeo kwa sauti ya kawaida, akafunga mkutano, akabaki anakunja meza peke yake. Nilifikiria kwenda kumsaidia.

Nyumbani Susan aliniuliza tumeshinda ama tumeshindwa. Nikamwambia tumezuia. Akauliza tumezuia nini. Nikasema nina njaa.

Jumatatu, 21 Mei

Siku mbaya kuliko Jumatatu ya kawaida.

Thaddée ni mtu wa utaratibu. Wikendi alimpigia simu Alvin kumshukuru kwa ahadi yake na kumwomba aitangaze hadharani. Alvin akasema hajaahidi kitu. Akasema kwa maoni yake kazi hiyo ya kutafsiri inaweza kufanywa na watu wa kujitolea kutoka makanisani. Leo asubuhi shule nzima inajua.

Saa ya chakula Alvin akanipigia.

"Julius," akasema, "tafadhali usiniwekee maneno mdomoni."

Nikaomba radhi. Halafu, kwa kuwa tayari tuko kwenye simu, nikauliza kuhusu ile kazi ya Saint Paul. Akasema mtoto wa dada yake anamaliza chuo mwaka huu na amesomea mambo hayo hayo. Akanitakia majira mema ya joto.

Mukamana alifanya kazi yake siku nzima kama kawaida. Alipita meza kwa meza, akachuchumaa karibu na watoto, akawaeleza desimali yangu kwa lugha zao. Mimi hakuniangalia. Kengele ya mwisho ilipolia nikafunga mlango ili tuongee.

Nilimwambia siasa ni ngumu. Nikamwambia hata mimi nimedanganywa. Alinisubiri nimalize.

"Mwalimu, nilisimama mbele ya watu wote na nikataja jina lako," akasema. "Sasa Mama Perpétue ananiuliza, mimi namujibu nini?"

Akasema ameshaomba kazi kwenye nyumba ya wazee huko Champlin. Zamu za usiku. Wamemwambia aanze mwezi wa saba. Hakusema kwa hasira. Angekasirika ingekuwa nafuu.

Akafuta ubao, ambao ulikuwa kazi yangu kufuta, akachukua koti lake.

Mezani jioni nilimsimulia Susan yote. Binti yetu Stacy, ambaye hunisikia kwa Kiswahili na kunijibu kwa Kiingereza, akaniuliza kwa nini nisimwombe tu mwalimu mkuu anihamishie darasa la nane. Susan akaweka kijiko chini na kunitazama, akisubiri jibu. Kwa kweli sikuwa nimewahi kulifikiria hilo. Niliwaambia watoto wa siku hizi hawaelewi mambo ya uongozi.

Usiku sikulala vizuri. Nilikuwa namwona Mukamana akiweka kile kiti chini.

Ijumaa, 25 Mei

Wiki imeisha hatimaye. Jumatatu ni sikukuu.

Thaddée amejiuzulu uenyekiti wa kamati. Alituambia leo kwa maneno machache. Anataka jioni awe huru kumwombea Haugen kura nyumba kwa nyumba, kama mtu binafsi, kwa kuwa chama kimemfunga mikono. Perpétue na mwalimu wa muziki wamesema wataenda naye. Hakuna aliyenialika. Nilipompa mkono Thaddée, aliushika, akanitakia heri. Hiyo ilinichoma zaidi ya chochote ambacho angeweza kusema.

Nilikaa kwenye gari nje ya shule muda mrefu kabla ya kuwasha injini. Nilijisikia mtu mbaya. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli. Nikaamua kuachana na siasa kabisa, nifundishe desimali zangu mpaka nizeeke. Nikafika nyumbani nikiwa mwepesi. Nikapika mimi mwenyewe. Susan akala mara mbili, akasema leo nina sura ya binadamu.

Lakini nilipokuwa naosha vyombo nikakumbuka jambo. Kiti cha mwenyekiti sasa kiko wazi. Uchaguzi wa nafasi hiyo ni kabla shule hazijafungwa. Mwenyekiti huhudhuria mikutano ya jimbo, na siku za mikutano anawekewa mwalimu wa kumshikia darasa. Na hakuna mtu mwingine aliyeonyesha nia.

Nimepiga mahesabu. Kura za walimu sizipati, hilo nimelikubali. Zimebaki za wasaidizi. Mukamana bado ni mwanachama mpaka mwisho wa Juni. Jumanne nitamkuta darasani asubuhi mapema, kabla ya watoto, nimwombe asimame tena aniombee kura. Alisema vizuri sana siku ile.