Chura wa Manundu na Reli ya Handeni

Jumatatu, 11 Agosti 2025
Tangazo limebandikwa ofisi ya kata. Reli ndogo ya abiria, Korogwe hadi Handeni. Kituo cha hapa Manundu kitakuwa bondeni, mkabala na mgahawa wa Glory. Si mbele ya karakana yangu ya redio! Wananchi wanaombwa kutoa maoni kuhusu athari kwa mazingira kabla ya Alhamisi. Wanaombwa! Tangu lini mtu mwenye ramani tayari akaomba maoni? Halafu Glory amenisalimia kwa tabasamu. Kwa nini leo?

Jumanne, 12 Agosti
Nimepata dawa yao. Fomu saba, majina saba. Zote zinasema bondeni kwa Glory kuna chura mwekundu asiyepatikana popote duniani, hivyo kituo kisogezwe kwangu, penye ardhi kavu. Tatu nimeziandika kwa mkono wa kushoto. Mke wangu, Rhoda, amezisoma, akauliza kwa nini watu wote saba wameandika "mazingila". Wivu tu. Fomu moja nimeweka jina na namba ya mzee Lomayani, mfugaji wa Handeni niliyewahi kumtengenezea redio. Yuko huko mbali, pamoja na ng'ombe wake. Hatajua.

Jumatano, 13 Agosti
Mtaalamu amefika. Bi Yusra, buti za mpira, anamtafuta chura. Ofisa gani hushughulikia jambo siku ya pili? Nani kamtuma? Nikajitolea kumwongoza, ili nimchunguze. Bondeni kwa Glory, mbu tu. Nikasema chura yule ana haya. Tukirudi akapita nyuma ya karakana yangu, akaona dimbwi, akachuchumaa, akapiga picha. Akaniuliza kama maji huingia ndani wakati wa masika. Kila mwaka, nikajibu, hadi kwenye meza! Akaandika. Mwanamke mjanja sana.

Alhamisi, 14 Agosti
Mkutano wa maoni ya reli. Kiti cha mbele kabisa: mzee Lomayani na fimbo yake! Ofisi ilimpigia simu kuthibitisha maoni yake, akapanda basi la kwanza kutoka Handeni. Nikahamia nyuma ya nguzo. Akaitwa, akasimama.

"Fomu sikuandika," akasema, "na chura huyo simjui. Lakini mmeniuliza, nami nimekuja. Reli yenu inakata njia ya ng'ombe wetu kwenda bwawani. Kiangazi tukizungushwa, ndama hawafiki."

Bi Yusra akakunjua ramani. Njia ile haikuwamo. Haikuwamo kabisa! Akasema atapendekeza kivuko cha ng'ombe chini ya reli, na akamwomba mzee aende naye akaionyeshe mwenyewe. Makofi. Glory akafuta machozi kwa khanga.

Kisha mzee akanifuata nyuma ya nguzo. Shikamoo, nikasema, macho mlangoni. Marahaba. Akanishika mkono, akasema namba yake anayo fundi mmoja tu Manundu, na kama isingefika ofisini ndama wake wangekufa. Redio bado inaongea vizuri, akaongeza. Akaenda zake. Hakugomba hata kidogo! Mtu asiyegomba ana mpango gani?

Ijumaa, 15 Agosti
Kituo kinabaki kwa Glory. Kwangu hapafai, panafurika. Imeandikwa kwamba nimethibitisha mwenyewe. Glory kaniletea sahani ya wali maharage, eti tumekuwa majirani wa stesheni. Nikampa paka kwanza. Paka akala, akalala. Nikamsubiri saa nzima, akaamka, akadai zaidi. Wali ulikuwa umepoa. Mtamu.

Alasiri akaja mwenyekiti wa mtaa. Nimechaguliwa kuingia kamati ya mazingira ya reli, kwa sababu ya uchungu wangu juu ya vyura. Rhoda amefurahi. Mimi sidanganyiki. Kamati inayomchukua mtu kama mimi ina jambo inalolificha. Nimeomba fomu ya kuipinga. Nitaandika kwa jina la Petro wa Magoma. Simu yake imetumbukia mtoni.