Mkojo wa Shemeji

Jumatatu, 3 Machi
Kampuni imeleta lori jipya. Lina kiyoyozi! Atakayepewa ni mmoja: mimi au Mluzi, dereva mwenzangu anayepiga mluzi hadi chooni. Sharti ni vipimo vya afya. Marehemu mama alikuwa na kisukari, nami natia vijiko vitano kwenye chai. Wanaanza na mkojo. Nimeshapata akili.

Jumanne, 4 Machi
Shemeji, kaka wa mke wangu, anaishi kwetu. Mwalimu wa michezo, hana hata kitambi. Mwezi huu amezidi kukonda, na kiu haimwishi. Mazoezi hayo! Nilimpa kikopo cha maabara nikamwomba anisitiri. Akasema kama ni mkojo tu, siku hizi anao wa kugawa. Kikajaa mara moja. Nilikipeleka hospitali ndani ya soksi, kisipoe. Mtaalamu wa maabara alinitazama sana. Mimi nikatazama ukuta.

Jumatano, 5 Machi
Hospitali wamepiga simu: niende upesi. Daktari akauliza kama natapika, kama napumua kwa shida. Nikasema nimetoka kula sahani mbili. Akanieleza kuwa mkojo una sukari nyingi na ketoni nyingi. Yaani mwili umeshindwa kutumia sukari, unachoma mafuta yake wenyewe, na damu inageuka asidi. Mtu wa hivyo anaweza kuzimia asiamke. Akanitoboa kidole. Sukari 5.2. Safi kabisa! Akavua miwani.

"Mkojo huu ni wako?"

"Ni wangu, daktari."

Akasema kesho tutarudia. Nilitoka kama mwizi. Sina kisukari! Nikinyamaza tu, lori ni langu.

Siku hiyohiyo, saa tisa alasiri
Shemeji amelala sebuleni. Ametapika beseni zima. Anahema kama aliyetoka mbioni, na pumzi yake inanuka matunda yaliyoiva kupita kiasi. Mke wangu anadhani ni malaria, anasema tumwache apumzike. Nimekaa kando, kalamu mkononi. Nikisema, lori ni la Mluzi. Nikinyamaza...

Ameniita baba. Baba yake alifariki zamani. Naweka kalamu.

Alhamisi, 6 Machi
Nilimbeba mgongoni hadi kwenye gari la jirani. Mapokezi, mbele ya watu wote, nikasema: "Daktari, mkojo ule ni wa huyu."

Hakunigombeza, na hilo ndilo lililonitisha. Sukari yake ilikuwa 31. Wakamtundikia dripu, wakampa insulini, damu ikapimwa kila saa: sukari, asidi, potasiamu. Mke wangu alimshika kaka yake mkono, mimi hakunitazama. Daktari alisema tungechelewa kidogo tungemkosa. Leo asubuhi shemeji amefumbua macho, akaniuliza kama tumefaulu. Nikaenda kulia kwenye ngazi.

Jumapili, 9 Machi
Shemeji amerudi nyumbani na sindano zake za insulini. Lori kapewa Mluzi. Mke wangu ameanza kunisemesha, neno mojamoja. Ameniapisha nisidanganye tena maabara. Nimeapa kwa moyo wote. Mkojo si jambo la mchezo.

Keshokutwa madereva wote tunapimwa macho. Hayo hayahusiani na maabara. Nimempata jamaa aliyepimwa juzi, amenipa herufi zote za ubao. Nimeshakariri mistari mitatu. Macho yangu ni mazima, nadhani. Lakini kwa nini nibahatishe?